Vitundu vya nano havijafika kwenye dripu ya mgonjwa

Mhariri,

Juzi mgonjwa alinisukumia kipande cha gazeti lenu kupitia dirisha la famasia, amekikunja mara nne na kukipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ilikuwa ile makala yenu ya sayansi kuhusu chembe zenye vitundu vidogo sana zinazobeba dawa hadi kwenye saratani ya mapafu. Swali lake lilikuwa fupi: si afadhali aisubiri hiyo dawa mpya, aachane na mzunguko wa dripu uliokuwa umepangwa wiki ile ile? Hakukosea kuuliza. Mtu yeyote aliyeisoma makala ile tangu juu angeamini kwamba dawa iko njiani, pengine imeshapakiwa kwenye makasha. Neno "panya" lilijitokeza mara moja tu, kwenye aya ya mwisho, pale ambapo wasomaji wengi wameshafungua kurasa za michezo.

Mimi ni mfamasia wa kitengo cha saratani. Ndiye ninayechanganya zile dawa ambazo wagonjwa huziona zikiwa tayari ndani ya mfuko, zinadondoka tone baada ya tone. Nachanganya nikiwa nimevaa gauni, barakoa na glavu mbili kila mkono, mikono imeingia kwenye kabati lenye kioo linalovuta hewa ili hata chembe ya dawa isinifikie usoni. Dawa hiyo hiyo ninayojikinga nayo hivyo ndiyo tunayomtilia mtu kwenye mshipa. Nayasema haya ili mjue siandiki kwa kuuchukia uvumbuzi. Hakuna anayetamani dawa ya saratani yenye adabu kuliko mtu anayeishika kila siku.

Tazameni sisplatini, dawa yenye platinamu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978 na ambayo hadi leo ni nguzo katika matibabu ya saratani ya mapafu. Inaua seli za saratani kwa kuing'ang'ania DNA yao. Lakini inaumiza figo, kwa hiyo mgonjwa hutiliwa maji mengi ya chumvi kabla na baada yake. Inatapisha. Inaweza kuacha mlio masikioni na ganzi kwenye ncha za vidole ambayo wengine hubaki nayo miaka. Paklitakseli nayo haiyeyuki kwenye maji, ikabidi iyeyushwe kwenye kimiminika kilichotokana na mafuta ya nyonyo, na kimiminika chenyewe huweza kuleta mzio mkali. Matokeo yake mgonjwa anapewa steroidi na dawa ya kuzuia mzio kwanza, nami natafuta mipira ya dripu ya aina maalumu kwa sababu ile ya kawaida hutoa kemikali zake ikikutana na kimiminika hicho. Yote haya ni kwa sababu dawa ikishaingia kwenye damu haijui pa kwenda. Inazunguka mwili mzima na kugonga kila seli inayogawanyika haraka: ya uvimbe, ya nywele, ya utumbo, ya uboho wa mifupa.

Wazo la kuifungia dawa ndani ya chombo, ifike kwenye uvimbe ndipo ifunguliwe, ni wazo zuri. Na chombo chenyewe kina historia ya kuvutia ambayo mwandishi wenu aliiruka, nami nitaieleza kwa sababu inasaidia kuona tulipo.

Mwaka 1992 wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Mobil walitangaza silika mpya, yaani kitu cha jamii ya mchanga, waliyoiita MCM-41. Hawakuwa wakifikiria mapafu ya mtu. Walitafuta kichocheo, kitu cha kuharakisha mabadiliko ya kemikali, chenye nafasi ya kutosha kupitisha molekuli kubwa za mafuta ghafi. Walichukua molekuli za jamii ya sabuni, ambazo zikiwa kwenye maji hujikusanya zenyewe na kuwa vijiti, wakaacha silika igande kuvizunguka vijiti hivyo, kisha wakaichoma sabuni. Kilichobaki ni silika iliyojaa mirija iliyopangana kama sega la nyuki, kila mrija ukiwa na upana wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Gramu moja ya unga huo ina eneo la ndani linalokaribia mita za mraba 1,000. Miaka tisa baadaye, mwaka 2001, María Vallet-Regí na wenzake mjini Madrid wakaijaza MCM-41 kwa ibuprofeni, dawa ya kawaida ya maumivu, wakaiangalia ikitoka polepole. Hapo ndipo unga wa wachenjua mafuta ulipoingia kwenye mambo yetu sisi wafamasia.

Kuna ukoo mwingine wa vifaa hivi, wa metali iliyoshonwa kwa molekuli za kaboni. Huo ndio uliowapa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2025, na nadhani ndiyo sababu magazeti yote yameanza kuandika habari za vitundu kwa pamoja. Baadhi ya hivyo vina eneo la ndani kubwa mara kadhaa kuliko la silika. Nchini Ufaransa, Gérard Férey na Patricia Horcajada walikuwa wakijaribu kuvitilia dawa tangu mwaka 2006, na baadaye wakatumia vile vya chuma, madini ambayo mwili unayafahamu. Sitakaa sana hapo. Kwa mapafu, silika ndiyo ninayoifahamu vizuri zaidi.

Ukweli ni kwamba kuijaza dawa kwenye vitundu si kazi ngumu sana. Unachovya, dawa inaingia. Shida ni kuizuia isitoke hadi wakati wake. Kwa hiyo wanakemia wakaweka malango. Wengine walitumia tofauti ya asidi, inayopimwa kwa pH, ambapo namba ikishuka asidi imezidi: damu iko kwenye pH 7.4, pembezoni mwa uvimbe mara nyingi hushuka kidogo chini ya 7, na ndani ya vifuko vya kumeng'enyea vya seli hufika 5 au chini yake. Lango linaloyeyuka kwenye asidi litafunguka huko na si kwenye mshipa. Wengine walifunga vitundu kwa vifungo vya salfa ambavyo hukatika ndani ya seli.

Lango lililonivutia kuliko yote ni la kundi moja la Munich, Ujerumani, waliochapisha kazi yao mwaka 2015. Waliijaza silika sisplatini, wakaziba midomo ya vitundu kwa protini iitwayo avidini, na protini hiyo wakaifunga kwa kamba fupi ya amino asidi inayoweza kukatwa na kimeng'enya kimoja tu, MMP9, ambacho baadhi ya uvimbe wa mapafu hukitengeneza kwa wingi. Yaani saratani yenyewe ndiyo inayojifungulia mlango. Walijaribu kwenye vipande vya mapafu ya panya wenye uvimbe, kisha kwenye vipande vya uvimbe wa mapafu ya binadamu vilivyowekwa hai maabara. Dawa ikafanya kazi palipo na kimeng'enya, na tishu isiyo na saratani ikaachwa salama kwa kiasi kikubwa. Niliposoma nilisimama. Ningeipenda dawa ile kwenye rafu yangu.

Lakini kipande cha pafu kwenye bakuli la maabara hakina ini. Hakina wengu. Hakina damu inayozunguka na kuvisomba vitu. Na hapa ndipo makala yenu ilipotia chumvi, kwa sababu iliandika kana kwamba chembe ikishatengenezwa vizuri safari yake imekwisha.

Chembe ikidungwa kwenye mshipa, dakika za mwanzo tu protini za damu huivamia na kuivika koti. Alama zile nzuri ambazo mwanakemia alizibandika juu yake ili itambue seli za saratani huweza kufunikwa zote. Kisha ini na wengu, ambavyo kazi yake ni kuokota takataka ndani ya damu, huiokota. Mwaka 2016 Warren Chan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walikusanya tafiti za miaka kumi iliyotangulia na kukokotoa ni kiasi gani cha chembe za nano zilizodungwa kilifika kwenye uvimbe. Thamani ya kati ilikuwa asilimia 0.7. Katika kila chembe 1,000, 7. Wapo wataalamu walioipinga hesabu hiyo wakisema hata dawa ya kawaida haifiki kwa wingi, na kwamba chombo cha nano kikilinganishwa nayo kwa haki huenda kisionekane kibaya hivyo. Ni hoja halali. Ila hata ukiikubali, bado 993 zimekwenda mahali, na mfamasia lazima aulize ni wapi na zinafanya nini huko.

Kulikuwa na tumaini la zamani hapa. Mwaka 1986 Matsumura na Maeda wa Japani walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo vitu vikubwa hupenya na kubaki. Utafiti mwingi wa nano ulijengwa juu ya hilo. Kwa panya, ambaye uvimbe wake hupandikizwa na kukua haraka, mishipa huvuja kwelikweli. Kwa binadamu ambaye uvimbe wake umejikusanya kwa miaka, hali hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hata kati ya uvimbe mmoja na mwingine ndani ya mtu yule yule. Ndiyo maana napigia kelele lile neno "panya".

Basi, mtasema, mapafu yana mlango wake, dawa ivutwe. Mwandishi wenu aliligusa hili kwa sentensi moja, na mimi naona ndilo lililostahili ukurasa mzima. Katika saratani nyingi za ndani ya mwili hakuna njia ya moja kwa moja, kwenye mapafu ipo. Mwaka 2011 kundi la Tamara Minko wa Chuo Kikuu cha Rutgers lilichapisha jaribio ambalo silika yenye vitundu, ikiwa na dawa za saratani pamoja na vipande vya RNA vya kuinyima seli uwezo wa kujilinda, ilipulizwa kwenye mapafu ya panya. Chembe nyingi zilibaki mapafuni badala ya kutawanyika kwenye viungo vingine. Hilo ni tofauti kubwa na mshipa.

Tatizo ni ukubwa. Kitu kinachovutwa kikiwa na upana wa mikromita moja hadi tano hushuka hadi chini kwenye mirija midogo na vifuko vya hewa. Kikiwa kikubwa zaidi hunasa kooni. Kikiwa kidogo kama chembe nyingi za nano, sehemu nzuri huingia na kutoka tena na pumzi. Kwa hiyo chembe ya nano inabidi ipewe gari, yaani ifungwe pamoja na nyingine ndani ya punje kubwa itakayovunjika ikifika. Mwaka 1997 David Edwards, Robert Langer na wenzao walionyesha njia nyingine ya werevu: punje kubwa kuliko mikromita tano lakini yenye vitundu vingi hivi kwamba ni nyepesi sana, basi hewa huibeba kana kwamba ni ndogo. Na kwa kuwa ni kubwa, seli zinazofagia mapafu hushindwa kuimeza kwa urahisi. Kutoka kwenye wazo hilo ilipatikana dawa halisi ya kuvuta, levodopa ya wagonjwa wa Parkinson, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018. Hesabuni wenyewe kutoka 1997. Hiyo ni dawa iliyofanikiwa.

Kisha kuna mambo ambayo mtu wa maabara halali nayo ila mtu wa wodi hulala nayo. Uvimbe ukiziba mrija wa hewa, hewa haipiti pale, na dawa inayobebwa na hewa haipiti. Itakwenda kwa wingi kwenye sehemu nzima za pafu, mahali pasipo na saratani. Mgonjwa anayekohoa kila anapovuta pumzi ndefu atapokea kiasi gani? Na muuguzi aliyesimama kando ya kitanda huku nebulaiza inatoa ukungu wa dawa ya saratani, atavaa nini? Mimi nina kabati langu, yeye ana barakoa ya karatasi. Haya hayamaanishi kuwa njia imefungwa. Sisplatini iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta ilishavutwa na wagonjwa halisi wa saratani ya mapafu katika jaribio la awamu ya kwanza ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Ilivumilika. Ila ingali haijafika kwenye rafu yangu.

Jambo jingine ambalo sikutegemea gazeti lilinyamazie ni neno silika lenyewe. Miongoni mwa wasomaji wenu wamo waliochimba miamba, waliokata mawe, waliopiga nyuso za chuma kwa mchanga, na wanaijua silika kwa jina jingine: vumbi lililowaua wenzao. Silika yenye fuwele ikivutwa kwa miaka huleta silikosisi, ugonjwa wa makovu mapafuni, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, saratani ya mapafu hasa. Mtu kama huyo akisoma kwamba atavutishwa silika ili apone, ana haki ya kushtuka. Jibu ni kwamba silika ya vyombo hivi haina fuwele. Mpangilio wake ni wa ovyo, huyeyuka polepole kwenye majimaji ya mwili na kuwa asidi ya silisiki ambayo figo huitoa, na IARC haikuiweka katika kundi lile. Silika ya nano isiyo na vitundu, kwa ajili ya kuonyesha uvimbe kwenye picha, imeshadungwa kwa wagonjwa wachache wa saratani ya ngozi huko New York bila madhara makubwa, kama ilivyochapishwa mwaka 2014. Lakini kuidunga mara moja kwa ajili ya picha ni tofauti na kuivuta tena na tena kwenye mapafu yaliyokwisha chakaa kwa sigara. Kasi ya kuyeyuka, umbo la chembe, kilichopakwa juu yake, vyote hubadilisha majibu ya mwili. Hilo lilihitaji aya moja tu. Hamkuandika hata nusu yake.

Na kama mnataka kujua dawa ya nano ya saratani ya mapafu ikifika kwa binadamu inaonekanaje, ipo. Ni paklitakseli iliyofungwa kwenye albumini, protini ya damu, chembe za nanomita 130 hivi, jina lake la biashara Abraxane. Haina vitundu vya kujivunia, lakini ni nano. Iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya mapafu ya seli zisizo ndogo mwaka 2012 baada ya jaribio la wagonjwa 1,052. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 33 ya walioipata pamoja na kaboplatini, ndugu yake sisplatini, dhidi ya asilimia 25 ya waliopewa paklitakseli ya kawaida. Ganzi kali ilikuwa pungufu. Umri uliobaki? Miezi 12.1 dhidi ya 11.2, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kuitwa ushindi. Mimi nafurahi sana kuwa nayo, kwa sababu mafuta ya nyonyo yametoka na mzio umepungua. Nikiiandaa sihitaji hata ile mipira maalumu. Ila hakuna mwandishi ambaye angeiita tiba inayomaliza saratani.

Ninachokiomba kwenye dawati lenu la sayansi si kikubwa. Mkiandika tena habari ya aina hii, semeni kwenye aya ya kwanza ilijaribiwa kwenye nini: bakuli, panya au mtu. Semeni ililinganishwa na nini, maana dawa mpya inayoishinda kutotibiwa kabisa haijaonyesha mengi. Muulizeni mtafiti chembe zinatoka mwilini kwa njia gani na baada ya muda gani, na mkiona anababaika andikeni kwamba alibabaika. Hadi leo ninapoandika hakuna dawa ya saratani ya mapafu iliyobebwa kwenye silika yenye vitundu ambayo imeidhinishwa na ambayo mimi naweza kuiagiza. Wapo wanaouza chupa zenye neno "nano" kubandikwa juu yake, na makala kama yenu huwafanyia matangazo bure.

Kwa wagonjwa wanaosoma ukurasa huu: msiahirishe dripu kwa ajili ya chembe ambazo hazijatoka kwa panya. Mkitaka kumuuliza daktari kitu kipya, muulizeni kama uvimbe wenu umepimwa mabadiliko ya jeni kama EGFR, maana kwa yale kuna vidonge vilivyopo sasa hivi, na kwa mwenye badiliko hilo huweza kushinda dripu ninayoichanganya mimi. Swali hilo lina jibu wiki hii. Na anayekohoa kwa wiki kadhaa, au anayeona damu kwenye makohozi, apigwe picha ya kifua kabla ya kusoma makala yoyote, hata hii yangu.

Mwandishi wenu simfahamu, na sina ugomvi naye. Sehemu ya kwanza ya makala, kuhusu jinsi vitundu vinavyotengenezwa, aliiandika vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Anakaribishwa kunipigia kabla ya kuchapisha nyingine. Apige asubuhi na mapema, kwa sababu zikishaanza kuandaliwa dripu za siku mikono yangu iko ndani ya kabati na simu sipokei.

Mfamasia,
Kitengo cha saratani